Mpokeaji Ni Daktari wa Meno

Jumatatu, 3 Novemba

Leo nimeanza shajara. Mtu anayekaribia kupanda cheo anafaa kuwa nayo, ili watu wajue baadaye alifikiriaje.

Asubuhi Bi Ummulkheir alituita ofisini kwake, mimi na Kadzo, akafunga mlango. Kitengo cha kompyuta kitakuwa na mkuu! Kitengo kina watu wawili: mimi na Kadzo. Mmoja lazima awe mkuu, na mimi ndiye niliyetangulia kazini.

Kampuni yetu, au tuseme ya Bi Ummulkheir, inatoa mizigo ya watu bandarini na kuwafikishia. Mawakala wa meli walikuwa wakituletea karatasi, tukizisoma kwa macho. Sasa watatuma faili za XML. Bi Ummulkheir anataka programu iliyoandikwa kwa lugha ya Java izisome faili hizo yenyewe, kisha itoe hati ya kumpelekea kila mtu mzigo wake, bila mkono wa binadamu. Mimi nitaandika sehemu ya kusoma. Kadzo ataandika sehemu ya kutoa hati. Niliuliza nani atakuwa mkuu. Alisema, "Nitaangalia kazi," akanitazama mimi. Au alitazama saa ya ukutani iliyo nyuma yangu. Ni upande huo huo.

Kadzo aliuliza kama faili za mawakala wote zina mpangilio mmoja. Swali la mtu mwenye wasiwasi. Mimi sikuuliza zaidi.

Nyumbani Kibokoni nilimwambia mama kwamba kuna uwezekano. Mama akafungua dirisha akamwambia jirani kwamba mwanawe ni mkuu.

Jumanne, 4 Novemba

Nimemaliza programu kabla ya chai ya saa nne! Ina kasoro moja tu. Haioni kitu.

Faili yenyewe si ngumu. Kila jambo limefungwa ndani ya lebo yenye jina lake. Mzigo uko ndani ya lebo ya mzigo, na jina la mtu wa kupelekewa liko ndani ya lebo ya mpokeaji. Mawakala wa hapa wamekubaliana lebo ziwe za Kiswahili, jambo ambalo nawapongeza. Basi niliiambia Java initafutie kila lebo inayoitwa mpokeaji. Ikanijibu hakuna. Nikarudia kwa upole. Hakuna. Nikaifungua faili kwa macho yangu mwenyewe. Wapokeaji wamejaa tele, kama kwenye foleni ya mahamri!

Baada ya kunywa chai nikaona. Hakuna aliyeitwa mpokeaji. Wote wanaitwa mz:mpokeaji. Wengine ni ml:mpokeaji. Herufi mbili na nukta mbili mbele ya jina, kama mtu asiyetaka kuitika mpaka umwite Alhaji. Nikakisia kwamba mz ni mzigo na ml ni meli. Nikaandika mz:mpokeaji katika programu. Wakatoka wote!

Kadzo alikuwa akipita na chupa yake ya chai. Akainama kutazama kioo changu. Akasema herufi zile za mbele ni lakabu tu, na wakala mwingine ataweka lakabu nyingine. Eti nitazame anwani ndefu iliyo juu ya faili, hiyo ndiyo jina la ukoo wenyewe, na Java iitafute kwa ukoo.

Nilimshukuru kama unavyomshukuru mtu anayekitaka kiti chako.

Jumatano, 5 Novemba

Imekuja faili ya wakala wa pili. Programu yangu imesoma sifuri.

Huku hawatumii mz wala ml. Wanatumia c1 na c2. Nani anampa mtoto jina c1? Nikampigia simu Odera, mtu wao wa kompyuta, ofisi yake iko upande wa Mwembe Tayari. Tulisalimiana vizuri, tukaulizana hali ya joto. Kisha nikamwomba abadilishe lakabu zake zifanane na za wakala wa kwanza, kwa ajili ya umoja. Odera alicheka kicheko kirefu kisicho na ubaya. Alisema lakabu huwekwa na mashine, na kesho mashine inaweza kuweka nyingine. Kisichobadilika ni anwani. Mawakala wote wanatumia anwani zilezile mbili, moja ya ukoo wa meli, nyingine ya ukoo wa mizigo.

Anwani, anwani! Kila mtu anwani! Basi nikaichukua hiyo anwani, inaanza na http kama tovuti yoyote, nikaiweka kwenye kompyuta nikabonyeza. Nikangoja. Ukurasa haupo.

Ukurasa haupo!

Nilihisi raha tulivu sana. Nilikwenda moja kwa moja kwa Bi Ummulkheir nikamweleza kwa masikitiko kwamba mawakala wanatutumia faili zinazoegemea tovuti iliyokufa, kwa hivyo kuchelewa si kwangu. Nilidhani atatikisa kichwa na kunisifu kwa uchunguzi. Badala yake alimpigia Odera palepale, na sauti akaiweka nje tusikie sote.

"Bwana Odera, kijana wangu asema nyumba yenu imeanguka."

"Nyumba gani, Bi Ummulkheir?"

"Ile ya anwani iliyo juu ya faili."

Kisha Odera akaeleza, taratibu kama anayemwongoza mgeni njia, kwamba hakuna anayekaa kwenye anwani ile na haijawahi kukaliwa. Si mahali pa kwenda. Ni jina tu. Wameliandika kama anwani ya tovuti kwa sababu anwani ina mwenyewe, hivyo watu wawili hawawezi kugongana jina.

Kadzo, aliyekuwa amesimama mlangoni bila kualikwa, akaongeza, "Ni kama huku Mji wa Kale. Ukisimama Kibokoni ukaita Zein, madirisha yote yatafunguka. Lazima useme Zein wa nyumba gani. Na hiyo nyumba unaitaja tu, huendi kubisha hodi."

Bi Ummulkheir akacheka. Odera akacheka kwenye simu. Nami nikacheka, wa mwisho na kwa muda mrefu kuliko wote, ili ionekane nilikuwa nawajaribu.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimelala vizuri, nimeamka na jibu.

Ikiwa lakabu zinatusumbua, za nini? Tuzitoe! Nimeandika mstari mmoja wa Java unaopita juu ya faili kabla haijasomwa na kumenya kila kilicho mbele ya nukta mbili. Mz imekwenda. Ml imekwenda. C1 na c2 zimekwenda. Lebo zimebaki uchi na nadhifu: mpokeaji, mzigo, uzito. Faili ya wakala wa kwanza imesomeka yote. Ya Odera imesomeka yote. Niliegemea kiti nikatazama dari.

Kadzo akaja. Akasoma mstari wangu mara mbili, akashika shavu.

Alisema sasa nimewachanganya watu wawili wenye jina moja. Kuna mpokeaji wa ukoo wa meli, yule ambaye kontena zima limeandikwa kwa jina lake. Na kuna mpokeaji wa ukoo wa mizigo, yule mwenye kitu chenyewe. Nikishawavua lakabu, nitawatambuaje? Nikamjibu kwamba programu itamchukua anayetokea mwanzo, kwa heshima ya utangulizi. Akauliza, na kontena likiwa la watu wengi walioshirikiana? Basi nikampitishia faili zote mbili mbele ya macho yake. Kila kontena lina mtu mmoja. Jina la juu na jina la chini ni lilelile. Nikamwambia awache kuogopa vitu ambavyo havijatokea.

Akarudi mezani kwake akaniandikia ujumbe. Mambo mawili tu. Kwanza niwashe swichi ya Java inayoitwa setNamespaceAware, ambayo huja imezimwa, ili isome koo badala ya lakabu. Pili, pale nilipoandika getElementsByTagName niongeze herufi mbili mwishoni, NS, kisha niipe anwani ya ukoo pamoja na jina la lebo. Basi.

Herufi mbili! Ushauri wa herufi mbili siufuati. Ukiwa mfupi hivyo, mtu hata hawezi kujisifu nao.

Tena yeye mwenyewe si malaika. Hati zake za kwanza zimetoka leo na mahali pa kupeleka mzigo pameandikwa "Makada". Ameikata Makadara katikati! Nilimwonyesha mbele ya dereva. Akasema ahsante, akarekebisha, akaendelea kunywa chai. Hana haya.

Hata hivyo mimi ni mtu wa tahadhari. Juu ya programu yangu, penye jina la aliyeiandika, nimemwandika Kadzo. Ikitokea lolote.

Jumamosi, 8 Novemba

Onyesho limefana!

Bi Ummulkheir alisimama nyuma yetu na kikombe cha kahawa. Nikatia faili ya kwanza, hati zikatoka. Nikatia ya pili, hati zikatoka. Alizisoma moja moja, Makadara imekamilika, wapokeaji wako sawa. Akasema mashallah. Kisha akasema Jumatatu ataifungua programu yenyewe aipitie, aone nani alifanya nini, halafu ataifunga kwa nenosiri lake ili mtu asiichezee.

Aone nani alifanya nini!

Walipotoka kwenda kula nilirudi mezani. Nikafuta jina la Kadzo, nikaandika langu. Nilipoona nafasi ipo nikaandika pia Mbunifu Mkuu. Nikaliweka jina langu na katikati, na mwisho, kwa msomaji anayeanzia chini.

Mama amesonga halwa. Sahani imekwenda kwa jirani kabla mimi sijaonja.

Jumatatu, 10 Novemba

Programu imeanza kazi ya kweli. Faili zinaingia, hati zinatoka, lori zinaondoka. Sina la kufanya. Hivi ndivyo wakuu wanavyojisikia.

Bi Ummulkheir aliipitia programu na hakusema kitu, ila aliniuliza mbona jina langu limejirudia. Nikasema ni desturi ya Java.

Mchana akaniita peke yangu. Mdogo wake, Abrar, anaolewa wiki hii. Nikaha ni Ijumaa baada ya Alasiri, na kupamba, sherehe ya wanawake ya kumtazama bibi harusi, ni Jumamosi, katika ukumbi wa Makadara. Kwa ajili ya kupamba wameagiza viti vipya kutoka ng'ambo, vya rangi ya dhahabu, mgongo wa mviringo, mto wa mahameli. Abrar alivichagua mwenyewe tangu kabla ya posa kukubaliwa, kwa kuwa yeye alikuwa na hakika hata kama wazee hawakuwa nayo. Mama yao alifariki mwaka jana, na viti hivi ni kama vile alivyokuwa navyo mama yao katika harusi yake. Alikuwa na picha mezani akanionyesha. Bibi harusi mdogo amekaa wima, nyuma yake mgongo wa mviringo.

"Viko ndani ya kontena la kushirikiana," alisema. "Vyaingia Alhamisi. Wewe ndiye wajua programu. Nakutegemea, Ghassan."

Nikamwambia programu haina usingizi wala usahaulifu. Nilisema kwa sauti ya chini, ya mkuu.

Nilipotoka nilipita chumba kile cha pembeni chenye dirisha la barabarani, kinachomfaa mkuu. Kwa sasa kinawekwa mashine mbovu za kuchapisha. Nimeupeleka mto wa kiti changu, ukae ukizoea.

Alhamisi, 13 Novemba

Siku isiyo nzuri. Naandika kwa utulivu.

Saa tano hivi simu ililia. Mtu mwenye sauti ya adabu sana, Daktari Ayman, wa kliniki ya meno huko Tudor.

"Asalaam aleikum. Niliagiza taa moja ya kumulikia mdomo."

"Waaleikum salaam, daktari. Imefika?"

"Imefika, alhamdulillahi. Imefika pamoja na viti."

"Viti vingapi?"

"Sijui, bwana. Sijaona mwisho wake. Viko chumba cha wagonjwa, viko kwenye ngazi, vingine viko kwa fundi cherehani wa chini. Na kuna bafu la kuogea, jekundu. Hilo pia ni langu?"

Nikamwomba awe na subira. Nikaweka simu. Wazo langu la kwanza: ni jina la Kadzo lililo juu ya programu. Wazo langu la pili: si la Kadzo tena. Nikajaribu kuifungua nilirudishe. Kompyuta ikaniomba nenosiri la Bi Ummulkheir.

Bi Ummulkheir mwenyewe akaingia muda huo huo, simu mkononi. Wanawake wako ukumbini tangu asubuhi, wamefagia, wametandika, wanangoja. Aliuliza viti viko wapi. Nikasema viko mahali salama.

"Wapi?"

"Kwa daktari."

"Nani mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa, Bi Ummulkheir. Ni daktari wa meno."

Akakaa chini. Kadzo hakusubiri kuulizwa, akaifungua faili ya kontena lile. Watu kadhaa wameshirikiana, na makaratasi ya meli yameandikwa kwa jina la mmoja wao, Daktari Ayman, kwa kuwa yeye ndiye aliyetangulia kulipia nafasi. Huyo ndiye mpokeaji wa ukoo wa meli. Chini yake, katika ukoo wa mizigo, kila kitu kina mpokeaji wake: taa ni ya daktari, viti ni vya Abrar, bafu ni la mtu wa Nyali. Programu yangu, ikiwa imewavua wote lakabu, ilimchukua anayetokea mwanzo. Daktari. Ikamchukua daktari kwa taa, daktari kwa viti, daktari kwa bafu.

Kadzo alieleza yote hayo bila hata mara moja kusema kwamba aliniambia. Nilimngoja aseme. Angesema ningepata la kujibu.

Nikapendekeza kwamba labda Odera ndiye mkosaji. Bi Ummulkheir hakuinua sauti. Afadhali angeinua.

"Keshokutwa mdogo wangu yuwapambwa," alisema. "Wageni utawakalisha wapi, Ghassan? Mdomoni?"

Ijumaa, 14 Novemba

Lori zote ziko bandarini na haziwezi kurudishwa. Kwa hivyo asubuhi tulikwenda Tudor mimi na Kadzo. Kabla ya kuondoka alipewa nenosiri, akawasha ile swichi, akaongeza zile herufi mbili, akatia zile anwani. Akaisomesha faili ya kontena upya. Taa kwa daktari, viti kwa Abrar, bafu Nyali. Hata chai yake haikuwahi kupoa. Mstari wangu wa kumenya aliufuta. Sikutazama.

Kliniki ya Daktari Ayman iko ghorofa ya pili. Nimeona mambo maishani lakini sijaona mahali pa kungoja kung'olewa jino palipopendeza kiasi kile. Wagonjwa wamekaa wamenyooka kwenye viti vya dhahabu, kila mmoja ameshika shavu lake, kama maharusi waliojutia. Tukawaomba radhi mmoja mmoja, wakainuka. Isipokuwa bibi mmoja wa makamo yaliyopita, leso mbili, shavu limevimba kama andazi. Alikataa.

"Miaka yote naja kwa madaktari," alisema kwa upande mmoja wa mdomo, "leo ndiyo mara ya kwanza nakalishwa kama mtu. Siinuki."

Nilimweleza kuhusu harusi. Akasema Mungu awajaalie. Nikamweleza kuhusu ukoo wa meli na ukoo wa mizigo. Akafumba macho. Mwishoni alikubali kwa sharti moja: atakiachia kiti zamu yake ikifika. Zamu yake ilikuwa ya mwisho.

Kadzo alishuka barabarani akazungumza na wenye tuktuk, sijui aliwaambia nini, wakajipanga mstari mzima mpaka penye kona. Viti vikaingizwa miguu nje, migongo ya dhahabu ikiwaka juani, wakaondoka wakipiga honi kama wanaofuata bwana harusi. Mimi nilibeba viti ngazini mpaka shati likanigandama. Daktari alitoka mara kwa mara na glavu zake kutusaidia kwenye kona.

Kisha wakaenda wote. Nikabaki na bibi.

Alipoitwa ilikuwa karibu na swala. Nikakichukua kiti chake, kina joto bado. Barabarani hakuna tuktuk, zote ziko Makadara au msikitini. Nikaswali msikiti wa karibu, kiti nimekiacha barazani penye viatu. Nilipotoka nikakitia kichwani, nikaanza kutembea.

Nadhani sikuwahi kuonekana na watu wengi kiasi hicho. Watu wote wa Ijumaa walikuwa wakitoka misikitini, kanzu nyeupe pande zote mbili, na mimi katikati na kiti cha dhahabu juu ya kichwa, mto wa mahameli ukinigusa masikio. Mzee mmoja aliniuliza kama ni mimi ninayeoa. Nikaona haina haja ya kueleza. Nikasema inshallah. Akanipa mkono. Wengine wakajipanga nyuma yake.

Ukumbini Bi Ummulkheir alikuwa mlangoni. Safu zote zimepangwa, pamebaki pengo moja katika safu ya mbele. Alikichukua kiti kutoka kichwani mwangu kwa mikono yake mwenyewe, akakifuta vumbi kwa upindo wa mtandio, akakiweka penye pengo. Alisimama akikitazama. Aliniambia ni safu ya upande wa mama.

Nikaondoka kwa miguu.

Nyumbani nilikuta kelele. Jirani alikuwa ameniona Makadara nikipita na kiti cha dhahabu kichwani, akamkimbilia mama. Mama alinirukia mlangoni.

"Ushapewa kiti!" alilia. "Mwanangu ushapewa kiti!"

Nilikuwa nimechoka mno, sikuweza kubishana. Na kusema kweli, nilikuwa nimepewa.

Jumapili, 16 Novemba

Jana mama alikwenda kwenye kupamba. Wanaume hatuingii, kwa hivyo naandika alivyosimulia leo akikaanga sambusa. Abrar alikuwa kama mwezi. Viti vilisifiwa na kila aliyekaa, na wengine waliinuka ili watazame walichokalia. Mama alikaa safu ya tatu. Bi Ummulkheir alimfuata pale pale, akamwamkia, akamwambia, "Mwanao ndiye aliyetufikishia viti."

Mama alisubiri nijisifu. Sikujisifu. Bi Ummulkheir angeweza kusema habari ya meno, mbele ya mji mzima, na ingekuwa haki yake. Nilihisi kitu kifuani, kizito kidogo, kikipanda. Nilikula sambusa nne, kikashuka.

Jumatatu, 17 Novemba

Kadzo ndiye mkuu. Alitangazwa asubuhi. Nilipiga makofi ya wastani. Mto wangu amenirudishia mwenyewe, ameukung'uta. Chumba kile hakitaki, anasema kina joto. Ataendelea kukaa meza ya jirani na yangu, aone ninachofanya.

Alinipa kazi moja, kwa adabu kabisa. Kuna wakala wa tatu anayeanza wiki hii. Faili yake ya kwanza imeshakuja. Niipitishe kwenye programu kama ilivyo, nisiguse kitu, kisha nimtumie hati azitazame kabla lori halijaondoka. Akasema, "Umenielewa, Ghassan?" Nikasema nimeelewa. Akaenda kwa Odera, Mwembe Tayari, kwenye mkutano wa wakuu.

Nimeifungua faili. Ajabu! Haina lakabu hata moja. Si mz, si ml, si c1. Mpokeaji ni mpokeaji tu, mzigo ni mzigo tu, kama nilivyotaka tangu siku ya kwanza. Huyu wakala ni mtu wa maana. Zile anwani ndefu amezitia, moja penye sehemu ya meli, nyingine penye sehemu ya mizigo, lakini hazikufungiwa lakabu yoyote, zimekaa peke yake kama mapambo ya mlangoni. Sasa ukoo wa nini, ikiwa kila mtu anaitwa jina lake? Tunaipa Java taabu bure.

Programu haijafungwa tena kwa nenosiri. Kadzo anasema tunaaminiana. Nimezima ile swichi. Nimetoa zile herufi mbili. Nimeitisha faili, ikasomeka mara moja!

Kontena la kesho ni la watu wengi. Kuna madawati ya madrasa, kuna matangi ya maji, kuna kitanda cha mtu wa Tudor. Lakini hati zimetoka safi, sijaona zilizopangika namna hii. Zote zina mpokeaji mmoja, kinyozi wa Makadara, kwa hivyo haziwezi kumchanganya dereva. Kadzo amechelewa kurudi, na sioni sababu ya kumsumbua kwa jambo lililo wazi. Nimezipeleka mwenyewe kwenye lori.